Sindano, Pembe na Mlima: Tiba ya Jadi na Ustahimilivu wa Mwili kutoka China hadi Upare

Utamaduni wa taifa si ngoma, mavazi na hadithi peke yake. Ni pamoja na maarifa ambayo watu wameyapata kwa kuishi na miili yao wenyewe: namna ya kutembea mbali bila kuchoka upesi, chakula kinachofaa kuliwa kabla ya kazi nzito, namna ya kurudisha mguu uliotenguka na kutuliza maumivu ya mgongo. Maarifa ya namna hii hayawekwi katika majumba ya makumbusho. Hukaa mikononi na vichwani mwa wazee, na mzee akifariki bila ya kuyarithisha, huzikwa pamoja naye.

Makala haya yanakusudia kuchunguza maarifa hayo kwa kulinganisha mahali pawili palipo mbalimbali sana. Mahali pa kwanza ni China, ambako tiba ya kuchoma sindano na ya mitishamba imehifadhiwa vitabuni kwa zaidi ya miaka elfu mbili, na ambako leo wakimbiaji wa masafa marefu wa mataifa mengi huazima dawa na mbinu. Mahali pa pili ni milima ya Upare na mji wa Same, kaskazini mashariki ya Tanzania, ambako watu wamekuwa watembezi hodari tangu zamani. Swali letu ni hili: ni kitu gani kilichoifanya tiba ya jadi ya China itoke vijijini na kuingia katika hospitali za dunia, zikiwamo hospitali zetu, hali tiba ya wazee wetu imebaki milimani? Na kijana mkimbiaji wa leo achukue nini, na akatae nini, katika hizo mbili?

Watu wa mlimani

Milima ya Upare inaanzia kusini mashariki ya Kilimanjaro. Upande wa magharibi iko nchi ya tambarare inayopitiwa na mto Pangani, na upande wa mashariki ziko mbuga za Mkomazi. Kaskazini ya safu hiyo wako watu wa Ugweno na Usangi, ambao tangu mwaka 1979 wamo katika Wilaya ya Mwanga. Kusini ni Wilaya ya Same, yenye Mbaga, Suji, Chome, Mamba, Vudee na Gonja. Mji wa Same uko tambarare, chini ya mita 900 juu ya usawa wa bahari, mahali pakavu penye jua kali. Kilele cha Shengena, kilicho juu kuliko vyote katika safu nzima, kinafikia mita zipatazo 2,460, na misitu yake ni ya ukungu na baridi. Kati ya kilele na tambarare kuna tofauti ya zaidi ya mita 1,500.

Tofauti hiyo ndiyo iliyomfanya Mpare kuwa mtembezi. Kwa vizazi vingi maji, migomba na makao ya watu yalikuwa juu. Malisho, barabara za biashara na, tangu mwanzoni mwa karne ya 20, reli ya kutoka Tanga kwenda Moshi, vilikuwa chini. Mwenye maharage au ndizi za kuuza alijitwika mzigo wake akateremka nao, kisha akaupanda mlima akirudi na chumvi au nguo. Aidha, kilimo chenyewe kilidai nguvu za pamoja. Watu walichimba mabwawa madogo yaitwayo ndiva, wakakinga maji ya vijito usiku ili kuyafungulia mashambani mchana. Lilipotangazwa msaragambo, yaani wito wa kazi ya jumuiya, kila mwenye nguvu alitoka na jembe lake.

Ustahimilivu huo haukuachwa uje wenyewe. Vijana walifundwa. Isaria Kimambo, mwanahistoria wetu aliyeandika historia ya kisiasa ya Wapare katika kitabu kilichotoka mwaka 1969, ameonyesha jinsi mafunzo ya vijana msituni, yaitwayo mshitu, yalivyokuwa nguzo ya utawala wa kale wa Ugweno. Huko kijana alijifunza kuvumilia njaa, baridi na maumivu, na kutii amri za wakubwa wake. Chakula nacho kilikuwa na busara yake. Makande, yaani mahindi yaliyopikwa pamoja na maharage, ni chakula ambacho Watanzania wengi hukihusisha na Wapare. Wataalamu wa lishe wanatueleza kwamba protini ya mahindi ina upungufu ambao maharage huujaza, na maharage nayo yana upungufu ambao mahindi huujaza. Wazee hawakuwa na maabara, lakini chungu chao kilikuwa na hesabu sahihi.

Historia imeweka ushahidi wa nguvu za miguu hiyo. Mwezi Januari 1945, serikali ya kikoloni ilipoleta kodi mpya ya kukadiriwa kwa mali, iliyopewa jina la mbiru, maelfu ya watu waliteremka kutoka sehemu zote za Upare wakaenda Same, makao makuu ya wilaya, wakakaa huko kudai kodi hiyo iondolewe. Mwaka uliofuata wanawake wa Usangi nao walisimama kidete. Harakati hizo ziliendelea mpaka mwaka 1947, na kodi ile ikaondolewa. Hakuna aliyewavisha watu hao nishani ya mbio, lakini walishinda kwa kutembea na kwa kustahimili.

Kukanda, kuumika na kuchanja

Mwili unaofanya kazi nzito lazima uumie. Katika Upare, kama katika sehemu nyingi za nchi yetu, yalikuwapo matibabu ya aina tatu yaliyofanywa kwa mkono, mbali na dawa za kunywa.

La kwanza ni kukanda. Mguu uliotenguka ulikandwa kwa maji ya moto, ukanyoshwa, kisha ukafungwa. La pili ni kuumika. Mganga alichukua pembe ndogo, iitwayo chuku au ndumiko, akaichanjia ngozi mahali penye maumivu, akaiweka pembe juu yake na kunyonya hewa kwa tundu la nchani mpaka damu ikavutwa. La tatu ni kuchanja chale na kusugua dawa ya unga katika mikato ile. Kazi hizi zilihitaji chuma kikali, na Upare haukukosa chuma. Mafundi wa ukoo wa Washana walikuwa maarufu katika Ugweno kwa kuyeyusha mawe ya chuma na kufua vyombo, na chuma chao kiliuzwa hata kwa Wachaga wa Kilimanjaro.

Msomaji na aangalie neno lenyewe chuku. Katika Kiswahili, kupiga chuku ni kumwumika mgonjwa, na pia ni kutia chumvi katika maneno, kuyafanya makubwa kuliko yalivyo. Lugha yetu imeziweka maana mbili katika neno moja, na hadhari iliyomo humo itatufaa huko mbele, kwa kuwa tiba yo yote yaweza kupiga chuku kwa pembe, na yaweza pia kupiga chuku kwa maneno.

Wakoloni walipoingia, maarifa haya yalipoteza heshima. Wamisionari wa Kilutheri na wa Kiadventista waliofika Upare mwanzoni mwa karne ya 20 walijenga makanisa, shule na zahanati, na faida ya kazi hiyo haikanushiki. Lakini wengi wao hawakupambanua kati ya mganga wa mitishamba na mpiga ramli. Wote waliwekwa katika kapu moja la ushenzi. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 katika Tanganyika ilizidisha woga huo. Mwenye kujua dawa akajifunza kunyamaza.

Sindano ya China

Wachina huiita tiba yao zhenjiu, yaani sindano na moto. Sindano nyembamba huchomwa katika mahali maalumu mwilini, au majani makavu ya mmea wa jamii ya pakanga huchomwa moto karibu na ngozi ili kuipasha joto. Kitabu kikuu cha tiba hiyo, kijulikanacho kwa jina la Huangdi Neijing, kilikusanywa yapata karne ya pili au ya kwanza kabla ya Kristo. Kinafundisha kwamba nguvu ya uhai, iitwayo qi, hupita mwilini katika njia maalumu, na kwamba maumivu hutokea pale njia inapozibika. Sayansi ya leo haijaziona njia hizo kwa kupasua mwili wala kwa darubini. Hata hivyo, madaktari walioamini njia hizo walikuwa waangalizi makini, na waliandika waliyoyaona.

Mahali pamoja pa kuchomwa sindano panatuhusu zaidi. Pako kiasi cha vidole vinne chini ya goti, nje kidogo ya mfupa wa muundi. Jina lake ni zusanli. Zu ni mguu, san ni tatu, na li ni kipimo cha mwendo kinachokaribia nusu kilometa. Husimuliwa na wengi kwamba mahali hapo paliitwa hivyo kwa kuwa msafiri aliyechoka, akitibiwa hapo, huweza kuendelea li tatu zaidi. Imani hiyo ilivuka bahari. Mshairi wa Kijapani Matsuo Basho, alipojitayarisha kwa safari yake ndefu ya miguu mwaka 1689, alijichoma moto wa majani mahali hapo ili kuitia miguu yake nguvu. Kwa hiyo, kuhusisha tiba hii na mwendo mrefu si jambo lililobuniwa na makocha wa siku hizi. Ni mawazo ya wasafiri wa kale, watu waliojitwika mizigo kama wale wa Upare.

Si kweli kwamba tiba ya China ilistawi bila ya mikwaruzo. Mwaka 1822 mfalme wa China aliamuru idara ya sindano ifungwe katika chuo cha matabibu wa ikulu. Mwaka 1929, mwaka mmoja tu baada ya ile Sheria ya Uchawi ya Tanganyika, lilitolewa pendekezo serikalini la kuifuta kabisa tiba ya jadi kwa kuwa haikuwa ya kisayansi. Waganga waliandamana na kuungana, na pendekezo halikutekelezwa. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1949 serikali mpya, iliyokuwa na madaktari wachache na wananchi wengi mno, iliamua kuitumia tiba hiyo pamoja na ile ya kisasa. Vyuo vilifunguliwa, vitabu vikahaririwa upya, na wahudumu wa vijijini, waliojulikana kama madaktari pekupeku, wakafundishwa kutumia sindano pamoja na chanjo.

Hapo ndipo tofauti kubwa kati ya China na Upare inapoonekana. Wote wawili walidharauliwa na wasomi wa zama zile. Lakini Mchina alikuwa na maandishi ya kusimamia alipotaka kujitetea, na baadaye akawa na dola iliyoyafungulia maandishi hayo mlango wa hospitali. Mganga wa Upare alikuwa na kumbukumbu yake tu.

Matabibu wa China wafika kwetu

Mwezi Agosti 1964 kundi la kwanza la matabibu wa China, kutoka jimbo la Jiangsu, lilifika Zanzibar. Mwaka 1968 jimbo la Shandong lilianza kuleta makundi Tanzania Bara. Tangu wakati huo makundi yamekuwa yakibadilishana zamu katika hospitali kama ile ya Mnazi Mmoja Unguja, ya Mkoani Pemba, ya Muhimbili Dar es Salaam, na za mikoani kama Dodoma, Tabora na Musoma. Wengi wa matabibu hao walikuwa wapasuaji na madaktari wa kisasa, lakini miongoni mwao walikuwamo mabingwa wa sindano. Kwa njia hiyo wananchi waliouguza viungo na migongo walikutana na tiba ya China ndani ya hospitali ya umma, chini ya daktari aliyevaa koti jeupe.

Jambo hilo lilikuwa na maana yake katika taifa changa. Mwaka 1974 kitengo cha utafiti wa tiba za asili kilianzishwa Muhimbili, ambacho mwaka 1991 kiligeuzwa kuwa taasisi kamili. Mwaka 1978 mkutano wa Alma Ata juu ya afya ya msingi ulitambua kwamba waganga wa jadi wanaweza kuwa na nafasi katika huduma za afya. Tangu mwaka 1987 wataalamu wa China na wa Muhimbili walishirikiana kuwatibu wagonjwa wa UKIMWI kwa dawa za mitishamba ya China na kuchunguza matokeo yake. Mwaka 2002 Bunge letu lilitunga Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, iliyoweka baraza la kuwasajili na kuwasimamia waganga. Mlango uliofungwa enzi ya ukoloni ukafunguliwa tena kidogo kidogo.

Mkimbiaji na homa

Mwaka ule ule wa 1968, mnamo tarehe 20 Oktoba, John Stephen Akhwari, mwana wa Mbulu, alikimbia mbio za marathoni katika Michezo ya Olimpiki mjini Mexico, mji ulio juu ya mita 2,200. Misuli ilimkaza, akaanguka, goti likatenguka na bega likaumia. Alifungwa bendeji akaendelea, akaingia uwanjani wa mwisho kati ya 57 waliomaliza, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia aliyeshinda. Baadaye alieleza kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio, bali kuzimaliza. Ustahimilivu wa namna hiyo hautoki katika chupa ya dawa.

Miaka sita baadaye, tarehe 2 Februari 1974, Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akiongoza tangu mwanzo wa mbio. Mwaka 1980 mjini Moscow, Bayi na Suleiman Nyambui walileta medali mbili za fedha. Lakini Bayi huyo huyo aliwahi kuangushwa na adui asiyevaa viatu vya mbio. Muda mfupi kabla ya Olimpiki ya mwaka 1976, ambayo Tanzania iliisusia, alikuwa akiugua malaria.

Hapa tunarudi Same, kwa kuwa nchi hii ina nafasi yake katika historia ya ugonjwa huo. Kati ya miaka ya 1954 na 1959 watafiti wa Afrika Mashariki waliendesha Mpango wa Malaria wa Pare-Taveta katika nchi ya tambarare iliyo kandokando ya milima ya Upare na ng'ambo ya mpaka, Taveta nchini Kenya. Nyumba zilipuliziwa dawa ya dieldrini. Malaria ilipungua sana, vifo vya watoto wachanga vikapungua, na wingi wa damu katika miili ya watu ukapanda. Upulizaji ulipokoma, ugonjwa ulirudi polepole. Funzo lake kwa mwanamichezo ni wazi. Mbio ndefu ni kazi ya damu; chembe nyekundu ndizo zinazochukua oksijeni mpaka kwenye misuli, na malaria huziharibu chembe hizo hizo. Mzee wa Upare aliyewaonya wanawe wasilale tambarare hakujua habari za chembe, lakini alijua kwamba aliyepata homa ya bondeni hataupanda mlima kama alivyoupanda jana.

Msaada mkubwa kuliko wote ambao tiba ya jadi ya China imempa mkimbiaji wa Afrika, kwa hiyo, si sindano. Ni dawa ya malaria. Mwaka 1967 serikali ya China ilianzisha mradi wa siri, ulioitwa 523, wa kutafuta dawa hiyo. Mtafiti Tu Youyou na wenzake walipekua vitabu vya kale na kujaribu mamia ya michanganyiko ya mitishamba. Mmoja wa mimea hiyo, uitwao qinghao, ulileta matumaini kisha ukashindwa. Tu Youyou alipousoma tena mwandiko wa Ge Hong, tabibu wa karne ya nne, aliona kwamba mwandishi huyo aliagiza majani yalowekwe na kukamuliwa, wala hakuagiza yachemshwe. Akatambua kwamba huenda moto mkali ndio ulioharibu dawa. Akaitoa dawa kwa njia isiyohitaji joto kubwa, na mwaka 1971 ikawaponya kabisa wanyama wa majaribio. Yeye na wenzake waliinywa kwanza wenyewe kuhakikisha kwamba haina madhara. Ndiyo asili ya artemisinini. Mwaka 2006 Tanzania iliamua kuiweka dawa ya mseto yenye asili hiyo kuwa dawa ya kwanza ya kutibu malaria, na mwaka 2015 Tu Youyou akapewa Tuzo ya Nobel.

Hapo pana jambo la kuwafikirisha wanafunzi. Katika milima ya kaskazini ya nchi yetu huota pakanga, ndugu wa qinghao, na watu wamekuwa wakilitumia jani lake kwa homa tangu zamani. Mimea hiyo miwili ni ya jamii moja, harufu zake zinakaribiana, na matumizi yake yanafanana. Lakini ile artemisinini iliyomo katika qinghao haimo katika pakanga kwa kiasi cha kutibu. Asiyepima angesema, ndugu ni ndugu. Aliyepima anajua kwamba ndugu hawa hawakurithi mali sawa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani haliungi mkono kunywa chai ya majani ya jamii hiyo kama tiba ya malaria.

Mizani ya majaribio

Basi na sindano yenyewe ipimwe kwa mizani hiyo hiyo. Matokeo ya jaribio kubwa lililofanywa Ujerumani yalitangazwa mwaka 2007. Wagonjwa 1,162 wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu waligawanywa katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilichomwa sindano kwa kufuata kanuni za Kichina, la pili lilichomwa sindano juu juu mahali pasipohusika, na la tatu likapewa matibabu ya kawaida. Baada ya miezi sita, waliopata nafuu walikuwa asilimia 47.6 katika kundi la kwanza, asilimia 44.2 katika kundi la pili, na asilimia 27.4 katika kundi la tatu.

Matokeo haya yanasema mambo mawili kwa pamoja. Waliochomwa sindano walipata nafuu zaidi kuliko waliotibiwa kwa njia ya kawaida. Mwenye kuidharau tiba hii asilifiche jambo hilo. Lakini mahali pa kuchoma hapakuleta tofauti kubwa; mwenye kuisifu naye asilifiche hilo. Yaelekea kwamba kuguswa, kupumzika, kutumaini na kuangaliwa kwa makini na tabibu ni sehemu kubwa ya tiba. Ama habari ya kumfanya mkimbiaji akimbie kwa kasi zaidi au mbali zaidi, sindano haina ushahidi thabiti. Inaweza kumtuliza maumivu baada ya mazoezi, haiwezi kumkimbilia.

Pembe nayo imepata umaarufu mpya. Mwaka 2016, katika Olimpiki ya Rio de Janeiro, dunia nzima iliona alama za mviringo katika mabega ya mwogeleaji Michael Phelps wa Marekani. Alikuwa ameumikwa kwa vikombe, kama Wachina wanavyofanya. Mzee wa Upare angezitambua alama zile mara moja, ingawa angeshangaa kuona watu wakiziita jambo geni. Hapa pia ushahidi ni wa kupunguza maumivu kwa muda, basi. Na pana onyo: tangu UKIMWI ulipogunduliwa nchini mwaka 1983, wembe mmoja wa kuwachanja watu wengi umekuwa mlango wa mauti. Sindano au wembe wa kuchomea na kuchanjia lazima utumike kwa mtu mmoja, mara moja, na kutupwa.

Mfano wa zao lililopimwa uko Same kwenyewe. Tangawizi ya Mamba Miamba inajulikana nchini kote, na kiwanda cha kuisindika kilijengwa huko huko. Katika tiba ya China tangawizi ni dawa kongwe. Mbichi hutumiwa kwa jambo moja na kavu kwa jambo jingine, na hata kipande chake huwekwa juu ya ngozi kabla ya kuchoma yale majani. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani waliwapa watu waliojitolea gramu 2 za tangawizi kila siku kwa siku 11, kisha wakawafanyisha kazi ya kuumiza misuli ya mkono. Maumivu ya siku iliyofuata yalipungua kwa kiasi cha robo, yakilinganishwa na ya wale waliopewa kidonge kisicho na kitu. Hiyo si miujiza. Ni faida ndogo, ya kweli, inayolimwa katika mashamba yetu.

Supu, mahuang na mirungi

Lakini jina la mitishamba linaweza pia kuwa pazia. Mwaka 1993 wasichana wa China waliofundishwa na kocha Ma Junren waliishangaza dunia. Tarehe 8 Septemba, mjini Beijing, Wang Junxia alikimbia mita 10,000 kwa dakika 29 na sekunde 31.78, akipunguza rekodi ya zamani kwa karibu sekunde 42. Kocha alisema siri yake ilikuwa mazoezi makali, damu ya kasa na kuvu wa milimani aotaye katika mwili wa kiwavi. Watu wengi waliamini, na biashara ya kuvu huyo ikastawi. Mwaka 2000 sita kati ya wakimbiaji saba wa kocha huyo waliondolewa katika timu ya Olimpiki baada ya kupimwa damu. Mwaka 2016 ikachapishwa barua ya mwaka 1995 yenye sahihi ya Wang na wenzake, inayoeleza kwamba walilazimishwa kutumia dawa zilizokatazwa. Na kuvu yule alipojaribiwa mwaka 2004 kwa waendesha baiskeli waliozoea mazoezi, hakuwaongezea nguvu. Hapo ndipo chuku ya maneno ilipoizidi chuku ya pembe.

Hatari haiko mbali na Upare. Wachina wana mmea uitwao mahuang, ambao ndani yake imo efedrini. Milima ya Same ina mirungi, ambayo ndani yake imo kathini, dawa inayokaribiana na efedrini kwa asili yake ya kikemia. Zote mbili humfanya mtu asisikie uchovu. Lakini kutosikia uchovu si kuwa na nguvu. Ni kuziba masikio mwili unapolia. Moyo huenda mbio, joto la mwili hupanda, na mkimbiaji hapati dalili ya kumwambia asimame. Zote mbili zimekatazwa katika mashindano: efedrini ikizidi mikrogramu 10, na kathini ikizidi mikrogramu 5, katika kila mililita ya mkojo. Zaidi ya hayo, kulima na kutumia mirungi ni kosa katika nchi yetu. Kijana anayeambiwa kwamba jani haliwezi kudhuru kwa kuwa ni la asili na ajibu kwamba sumu nyingi za wawindaji wa kale zilitoka mitini.

Kazi iliyo mbele yetu

Tumeona kwamba China haikuishinda Upare kwa kuwa na miili bora au miti bora. Iliishinda kwa kalamu. Mwandiko wa Ge Hong ulikaa zaidi ya miaka elfu moja na mia sita ukimngoja mtu wa kuusoma kwa macho mapya. Mganga wa Mbaga au wa Vudee, aliyejua ni jani gani la kuloweka na lipi la kuchemsha, hakuacha maandishi, na kila mwaka idadi ya watu wanaoyakumbuka maneno yake inapungua. Hasara hiyo si ya Wapare peke yao.

Tumeona pia kwamba maandishi pekee hayatoshi. Maandishi yaliyohifadhi qinghao ndiyo yaliyohifadhi njia za qi zisizoonekana. Kilichopambanua kati ya hayo mawili ni jaribio lililofanywa kwa uaminifu na mtu aliyekuwa tayari kukubali jibu lo lote.

Walimu wa sekondari wa Same, Mwanga na kwingineko wana nafasi ya pekee katika kazi hii. Mwanafunzi anaweza kumwendea bibi au babu yake akiwa na daftari, akamwuliza kwa adabu jina la mmea kwa Chasu au Kigweno, sehemu inayotumika, namna ya kuutayarisha, ugonjwa unaotibiwa na madhara yanayoogopwa. Kazi ya kupima si yake. Hiyo ni ya Muhimbili na ya taasisi zenye vyombo. Yake ni kuandika kabla kumbukumbu haijatoweka, na kuliandika pia jina la mwenye maarifa ili haki yake isipotee.

Mwezi Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu wa Tanzania alishinda marathoni ya dunia kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, akimpita wa pili kwa sehemu ndogo ya sekunde kwenye mstari wa mwisho. Atakayemfuata huenda sasa anapanda njia ya Chome au ya Mamba, madaftari kichwani, akiwahi shule. Ana mlima, na ana makande. Inampasa awe pia na ujuzi wa kupambanua dawa iliyopimwa na ile iliyosifiwa tu, na ujuzi huo ni wajibu wetu kumpa.